Mtungi Usiopenda Baridi

Naitrasi oksaidi ni gesi isiyo na rangi, yenye harufu ya utamu wa mbali, ambayo kila molekuli yake imeundwa kwa atomi mbili za naitrojeni na moja ya oksijeni, na ambayo wasomaji wengi wameisikia kwa jina la gesi ya kuchekesha, ile inayotumika hospitalini na kwa madaktari wa meno kutuliza maumivu. Mwanakemia Mwingereza Joseph Priestley aliitengeneza mwaka 1772. Humphry Davy, akiwa kijana wa miaka 20 mjini Bristol, aliivuta mwenyewe mwaka 1799 ili aone inavyobadili hisia za mtu. Na katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia jeshi la anga la Ujerumani liliipakia katika baadhi ya ndege zake za kivita, kwa jina la siri la GM-1, ili injini zisiishiwe pumzi katika anga la juu ambako hewa ni haba. Matumizi hayo ya mwisho ndiyo yaliyorithiwa na mafundi wa magari ya mashindano, kisha na waendeshaji wa pikipiki za theluji wa Marekani na Kanada, ambao nao hupanda mahali ambako hewa ni haba, na ambao wamelazimika kujifunza jambo lisilomsumbua sana fundi wa nchi za joto: kwamba gesi hii, ingawa yenyewe ni baridi kupita kiasi inapotoka mtungini, haifanyi kazi vizuri pale mtungi wake unapopatwa na baridi.

Pikipiki ya theluji inahitaji maelezo kidogo kwa msomaji asiyewahi kuiona. Mbele ina skii mbili, yaani vibao bapa vya kuteleza ambavyo hugeuzwa kwa usukani unaofanana na wa pikipiki ya kawaida, na nyuma, mahali pa gurudumu, ina mkanda mmoja mpana wa mpira wenye meno marefu, ambao huzunguka chini ya kiti na kuisukuma theluji nyuma kama kasia linavyosukuma maji. Joseph-Armand Bombardier, fundi wa Valcourt katika jimbo la Quebec, alipata hataza ya mfumo wa kuendesha mkanda wa namna hiyo mwaka 1937, na mwaka 1959 kampuni yake ikatoa chombo chepesi kilichoitwa Ski-Doo, ambacho ndicho kilichoifanya pikipiki ya theluji kuwa mali ya mtu wa kawaida. Nyingi kati ya zile za michezo hutumia injini ya mapigo mawili, ambayo huwaka mara moja katika kila mzunguko, na ambayo haina oili inayozungushwa tena na tena kama injini ya gari, bali oili huingia pamoja na petroli na hewa, hulainisha pistoni na beringi ikipita, kisha huungua. Ni ukoo mmoja na injini za skuta za zamani zilizoacha moshi wa buluu barabarani. Jambo hilo la oili linafaa kukumbukwa, kwa kuwa litarudi.

Sababu ya kuifunga gesi hii katika chombo hicho huonekana wazi zaidi katika Milima ya Rocky. Njia ya Togwotee, katika jimbo la Wyoming, inapita kwenye mwinuko wa zaidi ya meta 2,900, na hapo presha ya hewa ni karibu asilimia 70 tu ya ile ya usawa wa bahari, hivyo kwamba injini iliyopimwa kiwandani kuwa na nguvu za farasi 160 hubakiwa na kama 110 hivi, wakati theluji ya huko ni laini, nene na yenye kudai nguvu kuliko theluji ngumu ya tambarare. Madereva wa maroli wanaotoka pwani ya Kenya kwenda nyanda za juu wanaujua upungufu huo kwa miguu yao. Naitrasi hulipa deni hilo kwa namna ya pekee, kwa sababu mtungi haujui mwinuko: uzito wa gesi unaopita katika kitundu kilekile, kwa presha ileile ya mtungi, ni karibu sawa mlimani na pwani, na nguvu unayoongeza haipungui kwa sababu hewa ya nje ni nyepesi.

Hata hivyo, nguvu hiyo haimo ndani ya gesi, na hapa ndipo makosa mengi yanapoanzia. Naitrasi haiungui. Inachofanya ni kuachia oksijeni, kwani joto ndani ya silinda linapopita nyuzi 300 hivi za Selsiasi molekuli zake huvunjika, na kwa kuwa oksijeni ni asilimia 36 ya uzito wake, ilhali katika hewa ya kawaida ni asilimia 23 tu, kila pumzi ya injini hupata uwezo wa kuunguza petroli zaidi ya ile ambayo hewa peke yake ingeiruhusu. Kilo moja ya petroli huhitaji kilo 14.7 za hewa ili iungue yote, lakini huhitaji kilo 9.5 hivi tu za naitrasi. Zaidi ya hayo, kimiminika cha naitrasi huchemka kwenye nyuzi 88 chini ya sifuri, hivyo kinapotoka katika nozeli na kugeuka mvuke huipoza hewa inayoingia na kuifanya nzito zaidi, faida ya ziada ambayo haidai petroli nyingi lakini haina budi kuingizwa katika hesabu. Fundi anayeongeza gesi bila kuongeza petroli kwa kipimo chake anatengeneza moto mkali wenye njaa, na moto wa namna hiyo, ukikosa petroli ya kutosha, hugeukia alumini ya pistoni.

Kwa sababu hiyo mifumo hugawanywa kwa namna petroli ya nyongeza inavyoletwa. Katika mfumo mnyevu, nozeli moja hupuliza gesi na petroli kwa pamoja, kila kimoja kikipitia kitundu chake kilichopimwa, kiitwacho jeti, na kila kimoja kikifunguliwa kwa vali ya umeme. Katika mfumo mkavu, nozeli hutoa gesi peke yake, na petroli huongezwa na mfumo wa injini yenyewe: katika injini za sindano za mafuta, kompyuta huamriwa kuziacha sindano wazi kwa muda mrefu zaidi, na katika zile za kabureta, presha kidogo hupelekwa kwenye bakuli la kabureta ili petroli isukumwe kwa nguvu zaidi kupitia jeti zake za kawaida. Mfumo mnyevu ni rahisi kueleweka na kurekebishwa mlimani kwa spana moja, lakini una kasoro katika injini ya mapigo mawili ambayo fundi wa magari huweza kuisahau: pampu ya oili hufuata kasi ya injini na kiasi ambacho dereva amefungua mafuta, haijui kwamba kuna petroli nyingine imeingia kwa mlango wa pembeni, na hivyo injini hutoa kazi kubwa zaidi kwa kiasi kilekile cha oili. Wengi huchanganya oili kidogo ndani ya tangi la petroli kama akiba, na ni tahadhari ya busara kwa gharama ndogo.

Sasa baridi. Ndani ya mtungi, naitrasi hukaa kama kimiminika chini na mvuke juu, na presha yake haiamuliwi na wingi wake bali na joto lake. Mtungi ukiwa na nyuzi 20, geji husoma takriban pauni 720 kwa inchi ya mraba. Ukiwa na nyuzi sifuri, 440. Na ukiwa na nyuzi 20 chini ya sifuri, ambayo ni asubuhi ya kawaida ya Januari huko Wyoming au Minnesota, husoma takriban 250 tu. Kwa hesabu sahili inayozingatia presha pamoja na uzito wa kimiminika, gesi inayopita katika jeti ileile wakati wa baridi hiyo ni pungufu kwa karibu theluthi moja kuliko inayopita mtungi ukiwa na joto la chumbani. Petroli, kwa upande wake, husukumwa na pampu ambayo baridi haiipunguzii kitu, na kwa hiyo inaendelea kuja kwa kiasi kilekile. Matokeo yake ni mchanganyiko mzito, yaani wenye petroli nyingi kupita oksijeni iliyopo: injini inanguruma kwa kusitasita, moshi unakuwa mwingi, na nguvu iliyotarajiwa haionekani.

Kosa hilo peke yake halivunji chombo. Kinachovunja ni dawa inayotolewa bila kupima. Fundi ambaye hakuitazama geji huona injini inasita, hutambua kwamba petroli ni nyingi, na huweka jeti ndogo ya petroli. Injini hukaa sawa, mwendeshaji hufurahi, na kazi huonekana imekwisha. Kisha mtungi unalazwa usiku ndani ya gereji yenye moto, au jua la Machi linaupiga mchana kutwa ukiwa juu ya chombo cheusi, presha inapanda maradufu, gesi inarudi kwa wingi wake wote, na petroli iliyopunguzwa wakati wa baridi haitoshi tena. Sekunde chache za kubonyeza swichi katika hali hiyo zinatosha kutoboa pistoni. Fundi ameirekebisha injini kulingana na hali ya hewa, wakati alipaswa kuirekebisha kulingana na mtungi, na tofauti hiyo ndiyo kiini cha kazi yote hii.

Njia iliyokubalika ni kuondoa baridi kwenye hesabu kwa kuhakikisha mtungi una joto lilelile kila mara. Mtungi huvishwa blanketi lenye waya za umeme, linalowashwa na kuzimwa na swichi inayohisi presha, hadi geji ifike kati ya pauni 900 na 950, sawa na joto la nyuzi 30 hivi, na jeti zote huchaguliwa kwa kipimo hicho tu. Asiye na umeme wa kutosha huubeba mtungi ndani ya begi lenye kuhifadhi joto, au huupasha kwa maji ya uvuguvugu kabla ya kuondoka, na huridhika na presha ya chini iliyo thabiti, kwa mfano 700, akichagua jeti zinazolingana nayo. Presha ya chini iliyo thabiti ni salama kuliko ya juu inayopandashuka. Moto wa wazi, iwe ni tochi ya gesi au jiko, hauruhusiwi kabisa, kwa kuwa hulainisha alumini ya mtungi sehemu moja huku presha ikipanda kwa kasi ambayo geji haiwahi kuionyesha. Kuna pia mpaka wa maumbile: juu ya nyuzi 36 na nusu hivi, kimiminika hakipo tena, mtungi mzima unakuwa na kitu cha namna moja, kisicho kimiminika wala mvuke, na mtiririko katika jeti unakuwa wa kubahatisha. Kila mtungi una kisahani chembamba cha usalama kinachopasuka presha ikizidi mno, na kisahani hicho kisibadilishwe kwa kitu kingine hata siku moja.

Mahali mtungi unapofungwa panahitaji fikra ambayo mfungaji wa haraka huiruka. Kwa kuwa injini inataka kimiminika na si mvuke, ndani ya mtungi kuna mrija unaotoka kwenye vali hadi karibu na kitako, ukiwa umepinda kuelekea upande mmoja. Chombo kinapopanda mteremko mkali, pua ikiwa juu, na hasa kinaporuka mbele kwa kasi, kimiminika chote hukimbilia nyuma. Kwa hiyo vali huelekezwa mbele na kitako nyuma, pembe ikiwa na mwinuko kidogo upande wa vali, na mtungi huzungushwa hadi ncha ya mrija iwe chini, mahali ambapo kimiminika cha mwisho kitajikusanya. Mtungi uliogeuzwa vibaya hufanya kazi vizuri gerejini, kisha mlimani, ukiwa umebaki nusu, unaanza kutema mvuke, na injini hupata petroli isiyo na mwenzake.

Unadhifu wa viungio nao una hadithi yake. Utepe mweupe wa kuzungushia nyuzi za bomba, ambao kila fundi wa maji anao mfukoni, haufai hapa: kipande chake kidogo kikikatika husafiri hadi kwenye kiti cha vali ya umeme na kuizuia isifunge vizuri, gesi huvuja polepole ndani ya injini iliyozimwa, na mtu anapovuta kamba ya kuwashia asubuhi hupokewa na mlipuko katika njia ya hewa. Hutumika rojo maalumu ya kuzibia nyuzi, tena kidogo, na grisi ya kawaida hukatazwa kwa kuwa kitu chochote chenye kuachia oksijeni hakipaswi kukutana na mafuta mahali palipobanwa.

Umeme huhitaji swichi tatu zilizofuatana, ili kwamba gesi isitoke hadi zote zikubali. Ya kwanza ni ya kutia mfumo tayari, yenye taa; ya pili hukaa kwenye kabureta au kwenye kifyatuo cha mafuta, ambacho katika pikipiki ya theluji hubonyezwa kwa kidole gumba cha mkono wa kulia, na hukubali tu kifyatuo kikiwa kimebonyezwa hadi mwisho; ya tatu husoma mizunguko ya injini na hufungua njia katikati ya mipaka miwili tu, ili gesi isiingie wakati injini iko chini mno wala inapokaribia kupita kiwango chake. Wenye busara huongeza ya nne, inayohisi presha ya petroli na kukata gesi mara pampu inapolegea. Vyombo vingi vya zamani havina betri kabisa, umeme wao hutoka kwenye jenereta ya injini ukiwa wa kupandashuka, na vali ya umeme isiyopata volti zake hufunguka nusu. Kwa hiyo betri ndogo huongezwa, nayo hufichwa mbali na baridi kwa sababu inayojulikana na yeyote aliyewahi kuona betri ikichoka asubuhi ya kipupwe.

Hapo ndipo uchaguzi wa jeti unapoanza, na kanuni yake ni kwamba petroli hutangulia. Jeti hupewa namba kwa sehemu za elfu za inchi, na msomaji asidanganywe na udogo wa tofauti za namba hizo, kwani eneo la kitundu hukua kwa mraba wa kipenyo chake: kutoka namba 20 hadi 24 kunaonekana kama hatua ndogo, lakini ni ongezeko la asilimia 44 ya mtiririko. Mtu huanza na seti ndogo kabisa, ya kuongeza nguvu za farasi 20 au 30, akiweka jeti ya petroli iliyo kubwa kidogo kuliko inavyohitajika, hukimbiza kwa sekunde tatu au nne kwenye theluji tambarare, huzima injini kifyatuo kikiwa bado kimebonyezwa, na kuacha chombo kisimame chenyewe, ili alama za moto kwenye plagi zisifutwe na mwendo wa pole wa kurudi nyumbani.

Plagi hiyo, ikifunguliwa na kuangaliwa kwa lenzi chini ya taa, husema mengi kuliko geji yoyote. Kauri yake nyeupe, chini kabisa inapoungana na chuma, inapaswa kuwa na mviringo mwembamba wa rangi ya kahawa; ikiwa nyeusi na yenye unyevu petroli ni nyingi, na ikiwa nyeupe kama chaki petroli ni kidogo. Kinachotafutwa kwa wasiwasi zaidi ni vitone vidogo mno juu ya kauri, vyeusi na vya kung'aa kama fedha, mfano wa pilipili iliyosagwa: vile vya kung'aa ni alumini, na alumini hiyo imetoka kwenye pistoni. Fundi makini humulika pia ndani ya tundu la plagi na kutazama kichwa cha pistoni. Petroli na hewa vinapoingia silindani kupitia madirisha ya pembeni huosha masizi karibu na kingo, na kuacha hilali safi za chuma kwenye kichwa cheusi. Hilali zikiwa pana, mchanganyiko ni mzito na injini iko salama, zikianza kusinyaa, mtu ameukaribia ukingo, na zikitoweka, hakuna tena cha kusubiri isipokuwa kurudisha jeti kubwa.

Adui anayesababisha vitone vile ni kugonga kwa injini. Katika uwakaji mzuri moto huanzia kwenye plagi na kusambaa kama moto wa nyasi unaokimbizwa na upepo. Katika kugonga, mchanganyiko uliobaki pembeni hulipuka wenyewe wote kwa mara moja kwa sababu ya joto na presha, na mshindo wake hukwangua utando wa hewa baridi unaolinda kichwa cha pistoni. Naitrasi huharakisha moto, kwa hiyo cheche hucheleweshwa kidogo, digrii chache kulingana na ukubwa wa nyongeza, plagi baridi zaidi kwa hatua moja au mbili hufungwa, na petroli ya okteni ya juu hutumiwa. Geji ya joto la ekzosi husaidia, lakini imewapotosha watu: wakati injini inapogonga, joto linalopaswa kutoka na moshi hunyonywa na pistoni na silinda, hivyo sindano inaposhuka ghafla mtu asiye na uzoefu huona nafuu mahali ambapo kuna hatari.

Hadi hapa injini imepata nguvu, lakini nguvu haijafika kwenye theluji, na katika pikipiki ya theluji njia hiyo inapita katika kifaa kinachostahili kuheshimiwa. Chombo hiki hakina gia. Kina puli mbili zilizounganishwa na belti, kila puli ikiwa na nusu mbili zinazoweza kukaribiana au kuachana, kama ilivyo katika skuta zisizo na gia. Puli ya mbele, iliyo kwenye injini, ina vizito vidogo vya chuma ambavyo hufyatuka kuelekea nje kadiri injini inavyozunguka haraka, na kwa kufanya hivyo huzibana nusu za puli na kuipandisha belti juu. Springi hushindana navyo, na puli ya nyuma, yenye springi yake na bamba la mteremko, hushindana kwa upande wake kulingana na uzito wa kazi. Mashindano hayo yakilingana, injini hukaa kwenye mizunguko ileile, tuseme 8,000 kwa dakika, tangu chombo kinapoondoka hadi kasi ya mwisho, mahali hasa ambapo nguvu yake ni kubwa kabisa.

Nguvu ikiongezwa ghafla, mizani hiyo huvunjika: vizito vya zamani haviwezi tena kuishika injini, mizunguko hupanda kupita kiwango, na nguvu za farasi 40 zilizonunuliwa kwa bei kubwa hupotea katika kelele. Dawa ni vizito vizito zaidi, vinavyoongezwa gramu moja moja huku mizunguko ikisomwa kila baada ya mkimbio. Kwa mwanamashindano wa mbio fupi, anayebonyeza swichi tangu mwanzo hadi mwisho, jambo huishia hapo. Kwa mpanda milima halikomi, kwa sababu mtungi mdogo wa kilo moja na ushee humpa dakika moja na ushee tu ya nyongeza ya namna hiyo, na siku yake nzima iliyobaki huendesha bila gesi, akiwa na vizito vinavyoilemea injini na kuizuia isifike mizunguko yake. Hakuna mpangilio mmoja unaozifaa hali zote mbili. Mafundi wengi wa milimani huchagua vizito vya katikati, hukubali kupoteza mizunguko 100 au 200 bila gesi na kupita kwa kiasi hicho wakati wa gesi, na uchaguzi huo una hekima kuliko kutafuta ukamilifu upande mmoja. Tena ekzosi huwasaidia bila kuombwa: bomba la injini ya mapigo mawili limetanuka katikati na kusinyaa mwishoni ili mawimbi ya sauti yarudi kwenye silinda kwa wakati wake, na kwa kuwa sauti hukimbia zaidi katika moshi wenye joto, gesi inapoingia na bomba kupata moto, mizunguko inayolifaa bomba hilo hupanda yenyewe.

Tofauti kati ya michezo hiyo miwili huonekana pia katika kalenda. Kila Septemba, kabla theluji haijaanguka, maelfu ya watu hukutana Minnesota katika mashindano ya Hay Days kukimbiza pikipiki za theluji juu ya nyasi kavu, na wakati huo mtungi unapata joto lake kutoka kwenye jua bila blanketi. Mashine iliyopangwa vizuri huko, ikipelekwa kwenye barafu ya Januari bila kuguswa, huonekana mbovu, ingawa hakuna kilichoharibika. Mlimani kuna jambo zito kuliko ufundi. Nguvu za ziada humwezesha mtu kupanda mteremko ambao jana ulimshinda, na miteremko ya digrii 30 hadi 45, inayovutia zaidi kwa mchezo wa kushindana nani ataacha alama ya juu kabisa, ndiyo hasa inayoporomosha theluji. Anayefunga mtungi kwenye chombo chake bila kubeba koleo, fimbo ya kutafutia na redio ya kumtambulisha akifukiwa, amenunua nusu ya vifaa vinavyohitajika.

Tangu kampuni inayotengeneza Ski-Doo ilipotoa injini ya mapigo mawili yenye tabo, yaani feni inayoshindilia hewa ndani ya injini, kutoka kiwandani kwa msimu wa 2020, na kampuni pinzani ya Polaris kuifuata kwa msimu wa 2022, wapanda milima wengi wana njia nyingine ya kurudisha hewa iliyopotea, isiyokwisha kama mtungi. Naitrasi imebaki kwa wenye vyombo vya zamani, kwa wanamashindano, na kwa wale wanaotaka nguvu ya sekunde kumi tu bila kubeba uzito wa tabo siku nzima.

Jioni, chombo kikirudi, vali ya mtungi hufungwa kwanza, kisha gesi iliyobaki katika bomba hutolewa nje, mahali penye hewa, mbali na nyuso za watu. Gesi inayouzwa kwa magari Marekani hutiwa salfa dayoksaidi kidogo ili ichome pua ya anayetaka kuivuta kwa starehe, kwani bila oksijeni ya kuchanganywa nayo, kama inavyofanywa hospitalini, huua kwa kukosesha pumzi. Geji, ikiwa mtungi bado una joto, itakuwa inasoma 900 ileile ya asubuhi, kwa sababu presha haishuki maadamu kuna tone la kimiminika lililobaki, na mtu anayeitazama geji hiyo hawezi kujua kama kesho ana dakika moja au sekunde tano. Mtungi hufunguliwa kwenye vishikio vyake, hupanguswa theluji, na kuwekwa juu ya mizani. Uzito wake mtupu umepigwa muhuri shingoni, na kinachozidi hapo ndicho kilichomo.